Uzi: Kufua na kukausha duveti, mablanketi mazito na mito nyumbani bila kuviharibu

Kamba Mbili (mleta uzi)

Wadau, naanza na kukausha kabla ya kufua, maana hapo ndipo matandiko mazito yanapoharibikia. Maji na sabuni ni nadra kuua duveti. Kinachoiua ni siku mbili zinazofuata, iko kambani, kitambaa cha nje kimekauka, huku katikati bado kuna maji. Kwa hiyo kabla hujagusa beseni jiulize itaanikwa wapi na itakauka ndani ya muda gani. Kama anga ni zito na ndani hakuna nafasi wala feni, fua kava na foronya tu, duveti isubiri. Kitambaa kinene kikikaa na unyevu kupita saa 24 hadi 48, ukungu hupata nafasi, na uvundo ukishaingia kwenye ujazo, yaani kile kilichojazwa ndani, hautoki kwa manukato.

Jambo la pili ni dogo lakini wengi hawalifanyi: pima uzito wa duveti ikiwa kavu. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari, inatosha. Itie kwenye mfuko, pima, andika namba. Siku ya kuanua utapima tena. Mkono hudanganyika, kwa sababu kitambaa kilichopigwa na jua huwa cha moto na kikavu hata kama ndani bado. Mizani ikikuonyesha gramu 300 za ziada, ujue kuna zaidi ya glasi moja ya maji humo ndani. Pamba, sufu na manyoya hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo ziada ya gramu 50 hadi 100 isikutishe.

Sasa soma lebo. Beseni lenye namba ni kiwango cha juu kabisa cha joto la maji. Beseni lenye mkono ndani ni kufua kwa mkono, na lililopigwa msalaba lisifuliwe kwa maji. Mstari mmoja chini ya beseni ni mzunguko wa upole, miwili ni wa upole zaidi. Mraba wenye duara ndani ni mashine ya kukaushia, nukta moja ikiwa joto la chini na mbili joto la kawaida. Pembetatu iliyopigwa msalaba inakataza dawa yoyote ya kung'arisha.

Lebo ikiwa imekatika, ujazo ndio unaoamua. Poliesta ndiyo rahisi kuliko zote, maji ya nyuzi joto 40 yanaitosha. Manyoya ya bata yanafulika, tofauti na watu wanavyodhani, ila kwa nyuzi 30 hadi 40 na sabuni ya maji isiyo na vimeng'enya. Kimeng'enya kinachotafuna doa la damu au la jasho ni kile kile kinachotafuna protini, na manyoya ni protini, kama zilivyo sufu na hariri. Sufu ifuliwe kwa maji baridi au yasiyozidi nyuzi 30, bila kusuguliwa. Unywele wa sufu una magamba madogo. Ukiupa joto, msuguano na mabadiliko ya ghafla ya maji, magamba hushikana na blanketi hurudi dogo na gumu kama zulia, na hapo hakuna dawa.

Sufi ni habari nyingine kabisa, msiichanganye na sufu. Mto au godoro la sufi halifuliwi na ujazo wake. Nyuzi zake ni fupi, zina nta, zikilowa na kusukwasukwa hujifunga mabonge na kukatika. Fumua mshono upande mmoja, toa sufi, itandaze juani kwenye shuka chini ya wavu mwepesi isipeperuke, fua ganda lake peke yake, kisha ujaze upya na kushona.

Fundi Dramu

Mleta uzi umesema vizuri. Naongeza upande wa mashine.

Kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu za pamba. Duveti hujaza nafasi kabla haijajaza kilo, hivyo usiangalie uzito. Ingiza duveti kavu kwenye dramu bila kuishindilia. Ikichukua theluthi mbili hadi robo tatu na mkono wako bado unapita juu yake, endelea. Ukilazimika kuisukuma kwa goti ili mlango ufunge, mashine hiyo haifai. Maji hayatafika katikati, sabuni itabaki kwenye mikunjo, na kitambaa kitasuguana na raba ya mlango mpaka kichanike. Duveti nyembamba ya watu wawili kwa kawaida huingia kwenye mashine ya kilo 7 au 8. Nene ya watu wawili inataka kilo 9 au 10 na kuendelea.

Kabla ya kuingiza, kagua mishono yote kwa mwanga na ushone kila tundu, hata la ncha ya sindano kama ndani ni manyoya. Yakitoka, hukimbilia kwenye kichujio cha pampu na mashine inashindwa kutoa maji. Kava ivuliwe, ifungwe vifungo vyake, ifuliwe peke yake. Kava iliyoachwa wazi humeza foronya na soksi zote na kuwa mpira mmoja mzito.

Sabuni: nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Tumia ya maji, kwa sababu ya unga isipoyeyuka vizuri hukwama kwenye ujazo na kuacha madoa meupe. Povu jingi ni adui, kwani linazuia msuguano unaosafisha na pia husumbua ukamuaji. Weka mzunguko wa ziada wa kusuuza. Kilainishi cha nguo acha kabisa kwa duveti na mito, maana hupaka nyuzi utando na kuzishikanisha, na manyoya yaliyopakwa utando huo hayafumuki vizuri.

Kukamua: poliesta inavumilia mizunguko 800 hadi 1000 kwa dakika, manyoya 600 hadi 800, sufu 400 hadi 600. Mzunguko ukiisha, panga upya duveti ndani ya dramu na ukamue mara ya pili bila maji. Dakika kumi za ukamuaji huokoa saa nyingi kambani.

Mashine ikizunguka polepole, ikisimama, ikijaribu tena na kugoma kukamua, si mbovu. Duveti imejikunja upande mmoja na mashine imehisi mzigo hauko sawa. Fungua, itandaze kuzunguka dramu kama pete, ongeza taulo mbili upande ulio mwepesi, jaribu tena. Usizidishe taulo zikaila nafasi.

Shuka Nyeupe

Swali kwa Fundi Dramu: kava la godoro lile lisilopitisha maji nalo linakamuliwa hivyo hivyo? Na mashine ya mlango wa juu yenye mti katikati?

Fundi Dramu

Shuka Nyeupe, hapo pana hatari ya kweli. Kitambaa kisichopitisha maji hujikunja kama mfuko na kubeba maji ndani yake. Dramu ikishika kasi, maji hayo hayatoki kupitia matundu, hukaa upande mmoja, kisha huhama ghafla na mashine nzima hurukaruka. Novemba 2016 Samsung ilirejesha mashine takriban milioni 2.8 za mlango wa juu huko Marekani kwa sababu ya mtikisiko mkali wakati wa kukamua, na wenye mashine hizo waliambiwa watumie mzunguko wa upole wanapofua matandiko, vitu vizito na visivyopitisha maji. Hata kwa mashine isiyo na kasoro yoyote, kava la namna hiyo lifue kwa mzunguko wa upole, usilikamue kwa kasi au usilikamue kabisa, kisha lining'inize lichuruzike. Upande wa plastiki usiuweke kwenye joto kali, utapasuka na kubanduka.

Kuhusu mti wa katikati: hunyakua duveti na kuisokota, na vyumba vya ndani hukatika nyuzi. Ukikosa mashine nyingine, ipange kuzunguka mti bila kuuzungushia, mzunguko wa upole, dakika chache, ukisimamisha kuipanga upya. Mashine za matundu mawili ndizo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, kwa kuwa tundu la kukamulia ni dogo na duveti iliyolowa hailiingii. Kwa hizo heri mkono.

Beseni Kubwa

Kwa mkono basi, kwa utaratibu huu.

Hodhi la kuogea au beseni kubwa kabisa, lita 60 au zaidi. Maji ya vuguvugu, nyuzi 30 mpaka 40. Weka mililita 30 za sabuni ya maji, kama vijiko viwili vya mezani, kwa kila lita 40 hadi 50, na ikoroge mpaka iyeyuke kabla duveti haijaingia. Ukimimina sabuni juu ya duveti, sehemu moja inaimeza yote na hutaisuuza ikaisha.

Ikunje duveti kama feni ya karatasi, izamishe kuanzia upande mmoja huku ukiibana hewa itoke. Hewa ikibaki itaelea kama puto na sehemu za juu hazitapata maji. Loweka dakika 30 hadi saa moja. Kulaza usiku kucha ni kosa, maji machafu hupoa, uchafu hurudi kwenye kitambaa na harufu huanza. Kisha kanyaga kwa miguu safi, taratibu, kutoka ncha moja hadi nyingine, dakika kumi hivi, geuza, rudia. Unasukuma maji yapite ndani ya ujazo. Kusugua kwa kiganja kunasafisha ngozi ya juu tu.

Fungulia maji yaondoke huku duveti ikiwa pale pale chini. Ikandamize. Jaza maji safi, kanyaga, ondoa. Rudia mara tatu au nne mpaka maji yanayotoka yawe meupe na ukibana kona isitoe povu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wanapochana vitu vyao. Usiivute kutoka majini kwa kona moja. Duveti ya kilo 2 ikitoka majini bila kukamuliwa huvuka kilo 10 kirahisi, na uzito wote huo unaning'inia kwenye nyuzi za mshono mmoja. Iviringishe ndani ya hodhi kama mkeka, ikandamize kwa magoti, kisha ibebe kwa mikono miwili kwa chini, au tandika shuka kuukuu chini yake na watu wawili wainue kwa ncha za shuka. Usiisokote. Ilaze juu ya chaga au viti viwili saa nzima ichuruzike, ndipo iende kambani.

Kamba Mbili (mleta uzi)

Asante sana Beseni Kubwa, hiyo ya kubeba kwa shuka ni muhimu.

Kambani: tumia kamba mbili sambamba, umbali wa sentimita 40 hadi 50, na duveti ipite juu ya zote mbili, katikati ibaki kama daraja. Kwenye kamba moja pande mbili hugusana kwa ndani na hewa haipiti. Maji pia hushuka yote kwenye kingo, hivyo kila saa moja au mbili igeuze, juu iwe chini na ndani iwe nje. Kila ukigeuza, ikung'ute na kupapasa chumba kwa chumba, bonge unaloligusa ulitawanye kwa vidole. Kazi hii ya vidole ndiyo inayorudisha unene, jua peke yake halitawanyi.

Upepo una kazi kubwa kuliko jua. Siku ya mawingu yenye upepo mkavu hukausha vizuri kuliko siku ya jua kali lililosimama na hewa nzito. Rangi iliyokolea ianikwe kivulini au igeuzwe upande wa nyuma, jua huipausha. Anika asubuhi mapema, anua kabla umande haujaanza kushuka hata kama haijakauka, ilaze ndani juu ya viti na feni ikipuliza kwa chini, kesho irudi nje. Poliesta nyembamba humalizika kwa siku moja. Manyoya huchukua siku mbili au tatu.

Nyota ya Asubuhi

Samahani wadau, duveti ya manyoya ikitoka kufuliwa imekuwa bapa kama shuka, mabonge kwenye kona na inanuka kama mnyama aliyenyeshewa, ndiyo imeharibika?

Fundi Dramu

Hapana, Nyota ya Asubuhi. Hiyo ni duveti mbichi, haijakauka. Manyoya yakilowa hujikusanya na hutoa harufu hiyo hiyo, na yote mawili huondoka yakikauka kabisa. Ishike dhidi ya dirisha lenye mwanga. Palipo na vivuli vyeusi ni mabonge yenye maji.

Kama kuna mashine ya kukaushia, weka joto la chini pamoja na mipira mitatu safi ya tenisi, iliyofungwa kwenye soksi nyeupe isitoe rangi. Hupiga mabonge na kuyafungua. Kila dakika 30 toa duveti, ikung'ute, igeuze, irudishe. Ya watu wawili huchukua saa 3 hadi 4 na pengine zaidi. Usitegemee mzunguko unaojizima wenyewe. Kihisi cha unyevu ni vipande vya chuma ndani ya dramu vinavyogusa kitambaa cha nje tu, na cha nje kikikauka mashine hutangaza kazi imekwisha huku katikati maji yapo. Weka kwa saa, kisha pima kwa mizani kama alivyosema mleta uzi. Usipandishe joto kuharakisha, kwa manyoya hukauka na kuwa mepesi kuvunjika, kwa poliesta nyuzi hulegea na kulala moja kwa moja.

Foronya

Mito imepitwa haraka, nijazie.

Mito ya poliesta na ya manyoya: ifuliwe miwili miwili, mzigo ukae sawa. Kwenye mlango wa juu isimame wima pande mbili za dramu. Jaribu kwanza kuukunja mto katikati ukiwa mkavu. Ukiuachia ukabaki umekunjika, ujazo umechoka na kuufua hakutaurudisha. Mto wa sponji au wa mpira usiingie kwenye mashine wala usilowekwe, maana sponji iliyojaa maji huwa nzito kuliko nguvu yake yenyewe na humeguka ikishikwa, na katikati yake haikauki kwa siku nyingi. Fua ganda, na doa lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha usimamishe mto kwenye upepo, mbali na jua kali.

Mkojo na damu: maji baridi kwanza, siku zote. Moto hugandisha protini kwenye nyuzi. Kausha kwa kukandamiza taulo, kisha kwa pamba na poliesta paka sabuni yenye vimeng'enya, iache dakika 30, ndipo ufue kawaida. Kwa sufu na manyoya, sabuni ya upole tu na subira.

Shuka Nyeupe

Kuna wanaosema siki inamaliza harufu zote, na wengine wanasema kila kitu kifuliwe nyuzi 60 kuua utitiri wa vumbi. Lipi ni sahihi?

Foronya

Siki nyeupe, nusu kikombe, yaani mililita 120 hivi, kwenye maji ya kusuuza ya mwisho husaidia kuondoa mabaki ya sabuni na harufu nyepesi. Haiondoi uvundo wa duveti iliyokauka nusu, hiyo ifuliwe tena na ikaushwe ipasavyo. Na kwa vyovyote vile siki isikutane na dawa ya klorini, hata mabaki yake kwenye ndoo. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu.

Nyuzi 60 huua utitiri, ni kweli. Lakini si kila ujazo unavumilia joto hilo. Pale lebo inaporuhusu 60, itumie kwa shuka, foronya na kava la godoro, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokutana na ngozi kila usiku. Maji ya nyuzi 30 au 40 hayaui wengi, ila huosha sehemu kubwa ya vinyesi vyao, ambavyo ndivyo vinavyochokoza mzio. Kwa sufu isiyovumilia moto, kuigandisha kwenye friza ndani ya mfuko kwa siku moja au mbili huua utitiri, kisha unaikung'uta na kuifua kwa baridi.

Beseni Kubwa

Blanketi zito la manyoya bandia halijaguswa. Yale ya nguo mbili zilizounganishwa huwa kilo 3 hadi 6 makavu, na yakilowa mtu mmoja hawezi kuyainua salama. Maji baridi au vuguvugu, kamwe si ya moto. Nyuzi zake za plastiki zikipata joto, ncha huungana na blanketi huwa na mguso wa mswaki. Lichane kwa brashi laini likiwa na unyevu kidogo, kuelekea upande manyoya yanakolala. Pasi isikaribie.

Nyota ya Asubuhi

Nashukuru sana, nimeelewa kuhusu manyoya. La mwisho: duveti nyeupe ikikauka inabaki na mistari ya njano kama ramani, na maji ya mwisho yalikuwa safi kabisa.

Kamba Mbili (mleta uzi)

Hiyo ni sabuni na jasho la zamani lililobaki ndani ya ujazo, Nyota ya Asubuhi. Maji yanapokauka husafiri kutoka katikati kwenda nje na hubeba kila kilichoyeyuka, kisha hukiacha pale yalipokaukia mwisho. Ndiyo maana mistari hukaa kando ya mishono na kwenye kingo za chini. Usipake dawa ya kung'arisha juu ya mstari, utaongeza pete nyingine. Isuuze duveti yote upya bila sabuni kabisa, mara mbili, ikamue vizuri, na safari hii igeuze kila saa ili pasiwe na ukingo mmoja unaobaki mbichi kuliko wengine. Ikifika uzito ule ulioandika mwanzo, iache usiku mmoja zaidi ikiwa imetandazwa ndani, ndipo uikunje kwa ulegevu kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na ile ya kunyonya hewa huponda manyoya.